Kupigwa, Si Kupigana

Kosa langu la mwanzo hapa Tooting, ugenini kwa Waingereza, lilikuwa kumsahihisha Kiswahili mtu pekee niliyekuwa naye wa kuzungumza.

Alikuwa bibi mmoja Kalasinga, mzaliwa wa Kisumu, jirani yangu. Kazi yangu naifanya kwa kompyuta chumbani. Kabla ya kumfahamu, wikiendi nzima ilikuwa ikipita bila mimi kusikia sauti yangu mwenyewe. Jumapili moja alinigongea: "Kijana, kuja, chai napoa." Nami, badala ya kunywa, nilimrekebishia sarufi. Kitu kilichopinda hunikosesha usingizi. Alicheka tu. "Mimi naongea hii Kiswahili mama yako hajazaliwa!"

Siku moja alinisimulia habari za baba yake huko Punjab, enzi za Mwingereza. Mahekalu yao yalishikwa na wasimamizi waliojineemesha, serikali ikiwalinda. Waumini walitaka kuyasafisha na kuyarudisha mikononi mwao. Kwenye hekalu moja walikatazwa hata kukata kuni za jiko linalolisha kila anayeingia. Vijana wakaapa, wakajipanga, wakaenda.

"Walienda kupigwa," alisema.

"Kupigana, bibi."

"Kupigwa."

"Lakini hakuna mtu anayekwenda kupigwa kwa hiari yake." Tayari nilikuwa nimeshika simu nimwonyeshe.

Aliinuka, akaondoa kikombe changu kikiwa bado na chai. "Leo nimechoka."

Jumapili iliyofuata hakugonga. Wala iliyofuata. Nilisikia redio yake kupitia ukutani. Nilikaa kitandani nikitunga maneno ya kuomba radhi, nikiyafuta, kwa sababu hakuna yaliyonyooka. Mwishowe nikaisoma historia ile mwenyewe. Waliapa wasiinue mkono. Walipigwa marungu wakaanguka, na kesho yake wakaja wengine. Hakuna aliyepigana.

Niligonga mlango wake bila kuandaa hotuba.

"Shikamoo, bibi. Walienda kupigwa."

Alifungua mlango wote. "Marahaba. Ingia, baridi naingia na wewe."

Alipomimina chai aligusa bega lake la kulia. "Baba yangu, hii mkono yake hapana panda tena. Kisumu, kila asubuhi mimi nashika ncha ya kilemba, yeye nazunguka, nazunguka, mpaka naisha."

Nilimwacha amalize.

Wiki bado ni ndefu na chumba bado kimya. Lakini Jumapili sasa ni mimi ninayegonga, na makosa yake nayasikia yote, siyasahihishi.