Ufa Usiozibika

Mpima ardhi alikuwa na mazoea ya kukutanisha viganja vyake vilivyokomaa, kisha kuvisugua vikipishana kwa ubavu. Ndivyo alivyoionyesha kamati ya shule ya Mulanda, kwa mara ya nne, jinsi ardhi ilivyoukata ua wa minyaa kwenye kiwanja cha madarasa mapya na kuisogeza nusu yake kando hatua nzima.

“Mzee, usipoziba ufa utajenga ukuta,” mwenyekiti alicheka. “Saruji imejaa Tororo!”

“Bwana Mwenyekiti, ufa huu unashuka maili kumi chini ya viatu vyako. Utamimina saruji hadi lini? Ardhi ikitetemeka, watoto watalala chini ya matofali.”

Walicheka tena. Mpima ardhi alishusha pumzi, akainama na mgongo wake mbovu, akaanza kuving’oa vigingi vya msingi alivyovipigilia mwenyewe, kimoja kimoja.