Fundi na Mchezo Wake wa Bunduki

Fundi wa kompyuta, jirani yangu, haamini mashine imepona mpaka acheze mchezo wake wa zamani wa bunduki. Kwenye kioo unaona mkono na bunduki tu, unakimbia vichochoroni. Kona ikija, fundi anainama mwili mzima, utadhani ukuta utamgonga bega. Mimi hushinda kwenye benchi lake, maana nyumbani kumekuwa kimya tangu tumzike mama watoto.

Leo dada aliyefuata kompyuta yake alimcheka. "Kaka, mbona maadui wenyewe kama wamekatwa kwenye boksi? Na huwezi hata kutazama juu."

"Juu kuna nini, dadangu? Michezo yenu mizuri, lakini kufunguka tu mpaka mtu asinzie. Huu ukiugusa, unakimbia." Akapiga risasi. "Ila una kasoro moja. Mwone huyu niliyemuua. Nimzunguke kushoto, nimzunguke kulia, maiti ananigeuzia uso, ananitazama mimi tu."

Tukacheka wote watatu. Kisha fundi akanikumbuka. Vidole vyake, ambavyo havijui kutulia, vikalala juu ya vitufe. Akazima kioo.

"Nisamehe, mzee wangu. Mdomo huu."

Hakuwa na kosa. Mwenye aibu nilikuwa mimi, maana ndimi niliyeanza kucheka, tena kwa sauti, na mke wangu hajamaliza hata mwezi kaburini. Nilitazama sakafu. Kisha nikamwambia, "Washa, baba. Mzunguke tena, nimwone."