Vidole Viwili vya Mama Viungo

Shuleni tulimwita Mama Viungo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwafanyisha mazoezi ya viungo wanafunzi wenye ulemavu. Chumba chake kilikuwa stoo ya zamani ya madawati: magodoro mawili, vyuma vya kushikilia na kioo chenye ufa. Hakuwa na mchezo. Mimi karani nikiingia bila hodi, nilikiona cha moto.

Mwaka ule mwalimu mkuu alikata shauri. Darasa la sita liko ghorofani, kwa hiyo binti wa fundi cherehani, mwenye miguu dhaifu tangu kuzaliwa, apande ngazi kumi na nne peke yake, la sivyo ahamishiwe shule ya bweni, mbali na mama yake. Upuuzi mtupu. Darasa lingeweza kushushwa chini kwa asubuhi moja, lakini nani angemwambia?

Miezi minne Mama Viungo alipanda nyuma ya binti, vidole viwili vikimgusa mgongoni, "kwa usalama tu." Kila siku walifika juu. Kisha, wiki moja kabla ya siku aliyopanga mwalimu mkuu kumjaribu binti, Mama Viungo akaungua mkono kwa pasi. Siku hiyo alipanda bila kumgusa, na binti akakwama ngazi ya tatu.

"Kumbe nilikuwa nampandisha mimi," aliniambia, machozi yakimlengalenga. "Nimemponza mtoto wa watu kwa woga wangu."

Wakaanza upya, asubuhi na mchana, wiki nzima.

Siku ya jaribio mwalimu mkuu alisimama juu na fomu yake. Mama Viungo aliamriwa akae kwenye benchi, chini. Binti akashika chuma cha ngazi, akapanda. Ngazi ya tisa goti likaanza kutetemeka, akasimama. Mama Viungo aliinuka nusu, akarudi, akaikalia mikono yake yote miwili, pamoja na ule wenye bendeji.

"Mama, uko nyuma yangu?" binti aliuliza bila kugeuka.

"Sipo, mwanangu. Niko huku chini."

Mwalimu mkuu akatazama saa, nami nikamchukia waziwazi. Goti likatulia. Ya kumi. Ya kumi na moja, akapumzika tena, roho yangu mkononi. Ya kumi na nne.

Fomu ililetwa isainiwe. Mama Viungo akashika kalamu, ikamponyoka. Nikamwokotea, ikamponyoka tena.

"Ningoje kidogo, mwalimu," alisema. "Vidole vimekufa ganzi."