Kidonge cha Tatu

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri, nikueleze taratibu jinsi nilivyoanza kunenepa hata jamaa zangu wakaja kuniaga.

Nilipoanza dawa za kifua kikuu nilikuwa na kilo thelathini na nane, na kapulana, kanga yangu ya kujifunga, ilinizunguka mara mbili na kubaki. Nilipewa vidonge viwili kila asubuhi. Nilikaa kwa kaka yangu, mjini Mocímboa, ambako wifi yangu alinipikia uji wa karanga na samaki, na mayai yalipopatikana. Mwezi wa pili niliweza kukuna nazi nzima bila kupumzika. Mizani ya kliniki ikasema arobaini na moja. Muuguzi akaandika kwenye kadi, akanipa vidonge vitatu kwa siku, akaita mgonjwa mwingine. Foleni ilikuwa ndefu.

Nyumbani wifi akavihesabu.

"Mwanzo viwili, sasa vitatu. Basi ugonjwa umezidi, wifi. Wameona haya kukuambia."

Nikamwamini. Jamaa zetu wa kijijini Diaca wakapelekewa habari, wakaja na kuku wawili, tukaombana radhi. Wifi akaanza yeye: "Ile sufuria niliyosema umeiunguza wewe, niliiunguza mimi." Nikamsamehe. Nikala kuku. Kidonge cha tatu nikawa nakifunga kwenye pindo la kapulana, maana kukimeza niliona ni kukubali kufa.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na kilo arobaini na tatu, uzito mzuri kwa mtu aliyekwisha kuagwa. Nikamfungulia muuguzi pindo langu, nikamwuliza nimebakiza siku ngapi.

Akavihesabu vile vidonge.

"Mama, mchele ukiuongeza kwenye sufuria, maji unayaacha yale yale?"

"Hapana."

"Basi. Mwili wako umeongezeka, dawa imeufuata. Ukiipunguza, ugonjwa hauponi, unakurudia."

Akachukua makohozi yangu yapimwe upya. Siku zile za kungoja majibu nilimeza vitatu, na sikulala vizuri. Majibu yakaja safi.

Wifi alisikiliza habari yote huku anachambua mchele. Mwisho akasema, "Basi ile radhi yangu tuifute."

"Na kuku niwarudishe?"

"Kuku umekwisha kuwavaa mwilini."

Nawe ukiongezewa vidonge baada ya kupimwa uzito, muulize muuguzi sababu kabla hujatoka mlangoni, kisha uvimeze vyote, kila siku, hadi siku atakayokuambia mwenyewe kwamba dawa imekwisha.