Nguzo za Mgunga

Asubuhi alipokuta ng'ombe wamemaliza maharage yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatoa maua, Bi Cherehani hakupiga kelele. Aliinama akaishika nguzo ya uzio iliyolala chini, nayo ikamegekea mkononi. Mchwa walikuwa wamekula ndani kote, wakabakiza ganda. Marehemu mumewe ndiye aliyezisimika nguzo zile za msonobari, harakaharaka, akidhani atapata wasaa wa kuzibadilisha.

Jina la Bi Cherehani alipewa na wateja wake wa kushonewa. Kitambaa alikijua kwa kukipapasa tu, na hakuona kwa nini mti umshinde. Akaenda karakana kwa seremala.

"Nitafutie kitu cha kudumu," alimwambia. "Sitaki tusumbuane kila mvua zikinyesha."

Seremala akamwonyesha nguzo za mkaratusi, zimenyooka kama mshale. Bi Cherehani akaikwaruza moja kwa ukucha, unyevu ukamganda kidoleni.

"Hii bado inanyonya maji."

Seremala akaangua kicheko. "Sikufichi, mama, ikikauka itajipinda. Za katikati si neno, tutaziacha zikauke kwanza. Ila nguzo za kona zitafutie mti uliokomaa, wenye kiini cheusi. Ule weupe wa pembeni ndio mchwa wanaoushambulia. Mgunga ungekufaa, ila hapa sina. Mmoja nimeuona kwa wifi yako, uliangushwa na upepo."

Bi Cherehani akakifuta kile kidole kwenye gauni. Wifi yake, dada wa marehemu, ndiye mwenye wale ng'ombe. Mashamba yao yalipakana, lakini tangu msiba walikuwa wakipishana njiani kila mtu anatazama kwake. Siku ya kugawa nguo za marehemu, wifi aliomba koti la kaka yake. Bi Cherehani akamwambia mbele za watu kwamba kaka yake akiwa hai hakumjulia hali, sasa anataka koti. Neno lile lilimtoka tu, na tangu hapo hakupata namna ya kulirudisha.

Alimkuta wifi anakamua. Wifi hakugeuka.

"Kama umefuata fidia ya maharage, nitakulipa."

"Nimefuata mgunga wako, wifi. Nataka nguzo za uzio."

Mkono ukasita kukamua. "Yaani mti wangu mimi, ndio unizibie mimi?"

"Nawazibia ng'ombe wako. Wewe hujala maharage yangu."

Wifi alibana midomo, kisha kicheko kikamponyoka, mpaka ng'ombe akashtuka na kupiga ndoo teke. Maziwa yakamwagika. Wote wawili wakainama kuiokota ndoo, na hapo chini, bila kumtazama usoni, Bi Cherehani akasema, "Lile neno la siku ile halikuwa la kweli. Ulikuwa ukija. Nilikuwa na uchungu, nikakutwisha wewe."

Wifi aliifuta ndoo kwa kanga muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa.

"Shoka liko nyuma ya banda," alisema mwishowe.

Wakaenda pamoja. Bi Cherehani aligonga gogo kwa kisigino cha shoka, akatega sikio. Penye mlio mzito alitia alama. Penye mlio wa debe tupu aliruka. Seremala alipofika na kulipasua, kiini kikatokea cheusi, kimeshikana, bila hata tundu la mdudu. Wakabandua magome, kisha miguu ya nguzo wakaibabua motoni mpaka ikapata ngozi ya makaa, ili mchwa wasiipende.

Uzio ulipofika mpakani, wifi alisimama mbele ya shimo lililokwisha chimbwa.

"Hapa mtaacha mlango," alisema. "Mimi sizunguki barabarani kwenda kushonewa gauni."

Seremala akamtazama Bi Cherehani. Bi Cherehani akalitazama shimo, akachukua jembe, akaanza kulifukia.

"Ufungukie upande wako," alisema. "Wale ng'ombe wako wana vichwa vya kusukuma."