Tiketi Vipande Viwili

Kwa msomaji ambaye hakuwahi kupanda treni ya kutoka Manyoni kwenda Singida, nianze na jambo dogo. Tiketi yetu ilikuwa kipande cha kadi ngumu, kifupi kama kidole, chenye namba upande mmoja. Ukifika mwisho wa safari, mkusanya tiketi alikusubiri mlangoni pa stesheni. Aliipokea, akaichana katikati ili isitumike tena, akaitupa kwenye kopo. Sote tulizoea hivyo. Kutoka stesheni bila kutoa tiketi kulikuwa kama kutoka msibani bila kuaga.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Mandewa. Wiki hiyo niliomba ruhusa nikamchukue mama Itigi, maana macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, na kwa miaka miwili alikuwa akiona vivuli tu. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya Singida. Kesho yake ya siku tuliyosafiri ilikuwa siku yao ya mwisho, na hakuna aliyejua kama wangerudi tena. Kwa hiyo tulipanda treni kubwa kutoka Itigi, tukashuka Manyoni asubuhi, tukakaa kungoja treni ya Singida ya saa nane mchana. Ukiikosa hiyo, nyingine ni baada ya siku tatu.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Maduka yalijaa sabuni na mitumba, malori ya watu binafsi yaliongezeka kila mwezi, na treni yetu ilizidi kukonda. Hata hivyo tuliiamini, kama unavyomwamini ndugu mlevi ambaye mwishowe hufika nyumbani.

Saa saba na nusu nilimwacha mama kwenye benchi pamoja na mwanamke mmoja wa Sepuka, nikaenda bombani kujaza maji. Foleni ya bomba ilikuwa ndefu. Niliporudi, ubaoni palikuwa pameandikwa kwa chaki kwamba treni ya Singida imefutwa, injini ni mbovu. Jukwaa lilikuwa linaondolewa watu. Abiria walikuwa wanatoka mlangoni mmoja mmoja, wamejitwisha mizigo, na mkusanya tiketi amesimama palepale anaposimama siku zote, mkono mbele. Kila aliyepita alitoa tiketi yake. Hakuna aliyelazimishwa. Mama, ambaye hawezi kumpa mtu kitu kwa mkono mmoja, alikuwa ameitoa ya kwake kwa mikono miwili na kushukuru.

Nilitoka mbio bila kutoa yangu, nikamkuta nje na yule mwanamke wa Sepuka, kando ya lori lililopakia chumvi. Utingo wake alikuwa anawaita watu kwa madaha.

"Treni haina baba siku hizi, mwalimu," aliniambia, sijui alijuaje kazi yangu. "Panda hapa. Mama tutamkalisha juu ya magunia, atapunga upepo."

Nilimuuliza linaondoka saa ngapi. Akasema likijaa. Nikauliza litafika Singida lini. Akasema barabara imeharibiwa na mvua, litalala Ikungi, kesho jioni Mungu akipenda. Kesho jioni madaktari wangekuwa wanafunga masanduku yao.

Nilimshika mama mkono tukarudi ndani. Mkusanya tiketi hakutuzuia, nadhani kwa sababu nilimwonyesha yangu. Kando ya dirisha la kukatia tiketi kulikuwa na karatasi ya masharti ndani ya kioo chenye vumbi. Nimepita pale mara nyingi bila kuisoma, na naamini wewe pia unapita karatasi kama hizo kila siku. Nilifuta vumbi kwa kitenge. Maneno yalikuwa ya kiofisi, lakini ukiyapanga taratibu yalisema hivi: treni ikifutwa na wenye reli, abiria mwenye tiketi hajapoteza kitu. Anaweza kurudishiwa nauli yote. Anaweza kungoja treni inayofuata kwa tiketi ileile. Au masta wa stesheni anaweza kumpandisha treni nyingine yoyote inayokwenda huko, akiisaini tiketi yake nyuma.

Treni nyingine yoyote. Nilichungulia upande wa pili wa reli. Pale palikuwa na mabehewa ya mafuta na saruji, na injini yake inanguruma.

Masta alikuwa mtu wa makamo, amechoka, kofia iko mezani. Nilimwamkia, nikamwuliza ile ya mizigo inakwenda wapi. Akasema Singida, baada ya dakika ishirini, na nyuma ina behewa la gadi, yaani msimamizi wa treni. Nikamsomea sharti. Akasema kweli, anaweza kupandisha wachache, lakini wenye tiketi tu. Akaisaini yangu. Akanyoosha mkono apokee ya mama.

Nilieleza kilichotokea. Akatikisa kichwa. Tiketi iliyochanwa ni safari iliyokwisha, alisema. Ndiyo maana inachanwa. Akiandika jina la mtu asiye na tiketi na likatokea la kutokea njiani, kazi yake imekwenda. Mama akanibana mkono, akaniambia kwa Kinyaturu twende zetu tusimsumbue mtoto wa watu. Nje nilisikia wafanyakazi wakigonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo.

Nilimwomba masta amwite mkusanya tiketi. Akaja na kopo lake, kijana mchangamfu, hana ubaya. Akamwambia mama kwa utani, "Bibi, tiketi ni kama sahani ya hotelini. Hutoki nayo."

Mama aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Sahani nimerudisha, baba," alisema. "Chakula kiko wapi? Mimi sijala."

Kijana aliangalia kopo. Hapo ndipo nilipopata njia, nikaeleza kama ninavyoeleza darasani, hatua kwa hatua. Tiketi inachukuliwa safari ikiisha. Ya mama iliandikwa Itigi kwenda Singida. Hapa ni Manyoni. Kwa hiyo aliyeichana ameichana kabla ya wakati wake, na kosa hilo si la abiria. Nilizinunua mbili pamoja. Namba yangu hii hapa, ya mama ni inayofuata. Vipande viko ndani ya kopo hilo.

Masta alitazama saa. Kisha akalimimina kopo mezani.

Tulitafuta sote watatu, vichwa vimekaribiana. Nusu ya kwanza tuliipata mapema. Ya pili haikuonekana. Gadi akapiga filimbi ya kwanza. Kijana akageuza kopo, akaligonga. Nusu ile ilikuwa imenasa kwenye ukingo. Masta aliviunganisha vipande vyote viwili kwa pini juu ya karatasi, akasaini, akagonga mhuri. Halafu akamtuma kijana mlangoni awaite wengine waliobaki, waje watafute vipande vyao. Walikuja saba, pamoja na yule wa Sepuka. Wengine walikuwa tayari juu ya magunia ya chumvi. Wale niliwaona wakitutazama tulipovuka reli kwenda kwenye treni, na sikuwa na dakika ya kuwaeleza. Jambo hilo bado linanisumbua, ndiyo maana naliandika polepole hivi: kabla hujamkabidhi mtu karatasi yako, jiulize kama umekwisha kupata ulichoilipia. Kuuliza si utovu wa adabu. Hata mama aliuliza, na aliuliza kwa adabu.

Tulikaa kwenye sakafu ya behewa la gadi, tukafika Singida giza limeingia.

Asubuhi mama alikuwa wa pili kutoka mwisho kwenye foleni ya hospitali. Walimfanyia jicho moja. Kesho yake muuguzi alipofungua bandeji, mama alinitazama kwa muda mrefu, akanyoosha mkono, akanigusa juu ya sikio.

"Una mvi," alisema. "Na hukuniambia."