Kikohozi Nyuma ya Mizabibu

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba wafu wanakohoa. Kwetu Uru, kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, kilipakana na hospitali ya zamani ya masista, iliyofungwa kabla sijazaliwa, na kila mtu alijua kwamba katika wodi ya wagonjwa wa kifua milango ilifungwa lakini kikohozi kilibaki. Watu wazima walipita pale mchana kweupe wakiwa wameshika rozari. Mimi nilipita mbio.

Marehemu Babu alikuwa mtunza bustani wa masista hao. Walipoondoka walimwachia vipande vya mizabibu, akavipanda mistari mitatu kando ya ukuta wa hospitali, kati ya migomba na kahawa, majirani wakimcheka. Zabibu zenyewe zilikuwa chachu za kukunja uso, lakini Bibi alizipenda kwa sababu ya aliyezipanda. Kwa hiyo Baba mdogo, mwanawe wa mwisho, alipong'oa mistari miwili bila kuuliza ili ajenge banda la nguruwe, Bibi alimwambia asimwite mama tena. Baba mdogo akaenda Holili kubeba mizigo mpakani. Nyumbani jina lake likawa halitajwi.

Kuhusu hospitali, Bibi alikuwa na onyo moja tu. "Kitu cha kule usikiguse, mama. Ukikileta hapa umeleta kifo."

Nilikuwa na miaka tisa nilipokisikia kikohozi kwa masikio yangu. Siku tatu mfululizo, nikikata majani ya ng'ombe baada ya shule, kilitoka ng'ambo ya ukuta, kirefu, cha mtu aliyechoka. Siku ya tatu nilikuta jani la isale limefungwa fundo na kuning'inizwa kwenye mzabibu, pale Bibi anapopita kwenda kukamua. Isale niliijua kama mmea wa kuwekea mipaka ya vihamba tu. Sikujua kwamba kwetu Wachagga jani lake likifungwa fundo ni ombi la msamaha, na kwamba anayeletewa hakatai. Mimi niliona mzimu umeingia kihambani na unamtaka Bibi yangu.

Nililishika kwa kipande cha jani la mgomba, vidole visiliguse, nikalirusha upande wa pili.

"Chukua chako," nikasema. "Hapa hatukitaki."

Kikohozi kilikatika palepale. Kesho yake kimya, keshokutwa kimya. Nilitamba shuleni wiki nzima.

Haikupita miezi miwili, Baba mdogo akaletwa kutoka Holili ndani ya jeneza, nyuma ya pikapu. Ni kifua, walisema. Mwenzake aliyesindikiza mwili alimwinamia Bibi.

"Shikamoo, mama. Alikuja kwako akiwa mgonjwa. Aliona haya kuingia, akalala kwenye lile jengo, akakuwekea isale. Alisema ilirudishwa."

Akatoa jani lile, limekauka, fundo bado limekaza. Lilikuwa kwenye mfuko wa shati la marehemu.

Bibi alilipokea kwa mikono miwili. "Sikuliona," alisema. "Jamani, mimi sikuliona. Ningekataaje?" Kisha akageuza uso kuelekea ukutani. "Ni wale wa kule. Wamemrudishia mwanangu isale yake."

Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kushika kanga yake. Nikanyamaza. Waombolezaji walitikisa vichwa, na mizimu ikabebeshwa kosa langu.

Bibi aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Kila zabibu zilipoiva alikaa chini ya ule mstari mmoja uliobaki akiuliza mwanawe alipita wapi, alisimama wapi, na kwa nini hakumwita hata mara moja. Nilikuwa mwanafunzi, kisha msichana mkubwa, kisha mwalimu mwenye mshahara, na kila mara nilimletea chai na kukaa kimya. Nilijidanganya kwamba namwonea huruma. Ukweli ni kwamba niliogopa asije akaniambia na mimi nisimwite bibi.

Mwaka huu wamebomoa hospitali. Nilipokwenda nyumbani, nilikata jani la isale mpakani mwa kihamba, nikalifunga fundo na kuliweka juu ya kaburi la Bibi, karibu na mizabibu. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa nyumbani. Hata hivyo najua desturi yetu: isale hupelekwa kwa mtu aliye hai, mwenye mikono ya kuipokea.